Hedifoni: Kichwa ndicho mnunuzi, mfuko ni mlipaji tu

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Laiti wangaliishi hadi zama zetu hizi, pengine wangaliongeza kwamba hedifoni usiyoivaa kutwa nzima hujui inakobana. Maana hiki ni chombo cha ajabu: dukani hupendwa kwa macho na kusifiwa kwa bei, hali atakayekuja kuteseka nacho ni sikio.

Hapa Kiembeni, upande wa Kisauni, hedifoni si pambo tena. Zamani aliyeonekana nazo alidhaniwa ama ni mtangazaji wa redio ama ni dijei wa harusi. Siku hizi ukipita mitaani jioni utamkuta mwanafunzi anayefuatilia somo kwenye kompyuta, kijana anayejibu simu za wateja wa ng'ambo akiwa sebuleni kwao, na msichana anayelipwa kwa kuandika mazungumzo yaliyonaswa. Wote hao chombo chao cha kazi ni kile kilichokaa kichwani. Wanakivaa saa tano, saa sita, wengine hata saa nane kwa siku. Saa zote hizo, mbano mdogo wa asubuhi huwa ni maumivu ya kweli ifikapo jioni.

Mimi na mdogo wangu tumo katika kundi hilo. Kazi yangu ya uandishi hunilazimu kunasa mahojiano na kisha kuyaandika neno kwa neno. Mdogo wangu, aliye mwanafunzi wa chuo, huifanya kazi kama hiyo usiku kwa malipo, na sehemu kubwa ya karo yake hutoka humo. Zamu yetu ya chama ilipotufikia tukapokea Sh30,000, na tukakata shauri kununua hedifoni moja ya maana, ya kufunika masikio, tuitumie sote wawili.

Sasa basi, mimi huvaa miwani na uso wangu ni mpana. Mdogo wangu ana kichwa kidogo, husuka misuko minene, na akitoka nyumbani hujitanda mtandio. Chombo kimoja, vichwa viwili, na pesa za kununua mara moja tu. Mama alipozisikia hesabu zetu alituuliza kama twajua kwamba hiyo ni bei ya mbuzi wawili wa Idi. Tulijua. Ndiyo maana hatukutaka kununua kwa kukisia.

Silabi moja tu

Huenda ukajiuliza, ndugu msomaji, kwani vile vidude vya bei rahisi vya kuchomeka masikioni vina ila gani? Kwa muziki wa ndani ya matatu kutoka mjini, ila yake ni ndogo. Lakini kazi ya kusikiliza maneno ya watu ni jambo jingine.

Niliwahi kumhoji mzee mmoja wa Kisauni, mwenye umri wa miaka themanini na ushei, kuhusu shamba la babake. Sauti yake ni nzito na ya chini, na aghalabu humeza mwanzo wa maneno. Pahali pamoja katika mazungumzo hayo mdogo wangu, akitumia vidude vile huku tuktuk zikinguruma nje ya dirisha, alisikia "tukauza". Mimi nilisikia "hatukuuza". Tulirudia mara tatu, kila mmoja akashikilia lake.

Katika pwani hii, ambako kesi za ardhi hurithiwa kama mashamba yenyewe, tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya mwenye shamba na mgeni. Kiswahili chetu hukiweka kikanushi chake katika silabi ndogo mno mwanzoni mwa neno. Ikikuponyoka, umemlisha mzee wa watu maneno aliyokuwa akiyakana. Jioni hiyo tukaazima hedifoni kwa jirani, fundi wa kunasa sauti. Tulipoivaa tu, ile "ha" ikajitokeza waziwazi. Mzee alikuwa amesema "hatukuuza", na ndivyo ilivyoandikwa.

Siri ya kufunika

Fundi huyo ndiye aliyetueleza kinachotendeka. Hedifoni za kufungika ni zile ambazo kikombe chake hakina matundu kwa nyuma. Sauti haitoki kuwasumbua wengine, na kelele za nje hupata taabu kuingia. Lakini kikombe peke yake hakitoshi. Kati yake na kichwa pana mto wa sponji uliovikwa ngozi, reksini au mahameli, na mto huo ndio mlango wa chumba. Usipokaa sawasawa, mlango umebaki wazi.

Kinachotoroka kwanza ni besi, yaani sauti za chini. Hizo zahitaji hewa iliyofungiwa kati ya spika na sikio. Zikipata upenyo, hata mwembamba kama mkono wa miwani, hupungua nguvu. Sauti ya mzee wetu iko huko chini. Kwa hivyo hedifoni ya maelfu isiyokukaa yaweza kukusikilizisha vibaya kuliko ya bei nafuu iliyokukaa. Starehe na usikivu ni pacha. Kinachokubana utakisogezasogeza, na ukikisogeza mlango umeufungua.

Balaa la pili ni kubwa zaidi. Kelele za nje zikiingia, mkono huenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Anayeandika kanda kwa saa sita kila usiku huumaliza mgao wake siku ya kwanza. Ripoti ya shirika hilo ya 2021 ilisema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza kusiko salama, na sikio likishapoteza usikivu kwa kelele, halirudi lilivyokuwa. Kumbe hedifoni inayokaa vizuri humpunguzia mtu haja ya kuongeza sauti. Hiyo pekee yatosha kuihesabu starehe kuwa afya, wala si anasa.

Mizani ya mkate

Chombo hiki kina umri. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin wa Utah aliliuzia jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizozitengeneza jikoni kwake. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer huko Berlin ikatoa DT 48, na mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akawaletea watu wa kawaida hedifoni za kusikilizia santuri. Tangu siku hizo mafundi wamehangaika na maswali yale yale: ziwe na uzito gani, zibane kwa nguvu gani, na kinachogusa ngozi ya mtu kiwe nini.

Tuanze na uzito. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991 na kuenea katika studio nyingi za redio duniani, ina takriban gramu 230 bila waya. Beyerdynamic DT 770 Pro ya Ujerumani ina kama gramu 270, na Audio-Technica ATH-M50x ya Japani gramu 285. Hizo ni hedifoni za wafanyakazi.

Ukipanda ngazi ya matajiri, uzito nao hupanda. Sennheiser HD 820 ya mwaka 2018, yenye kioo nyuma ya spika zake, ni gramu 360. Sony MDR-Z1R ya 2016, yenye mito ya ngozi ya kondoo, na AirPods Max ya Apple ya 2020 zakaribia gramu 385 kila moja. Focal Stellia ya Ufaransa, iliyotoka 2019 kwa dola 3,000 hivi, ni gramu 435. Audeze LCD-XC ya Marekani hupita gramu 600.

Ili uelewe vyema, mkate wetu wa kawaida wa dukani una gramu 400. Aliyevaa Stellia amejitwika zaidi ya mkate mzima utosini, mkate wenye bei inayokaribia shilingi laki nne! Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kucheka. Uzito si kila kitu. Upinde mpana uliotandazwa vizuri hugawa mzigo, mfano wa kata ya mchukuzi wa maji, ilhali upinde mwembamba hukusanya uzito mdogo mahali pamoja ukachoma kama msumari. Aidha, hedifoni nyepesi inayobana sana huumiza mapema kuliko nzito iliyolegea.

Majaribio ya kaskazi

Bahati ilikuwa upande wetu. Kakake fundi yule, afanyaye kazi Ghuba, alikuwa amekuja likizo na hedifoni zake mbili za kifahari. Ukijumlisha na mbili za fundi mwenyewe, tulikuwa na nne za kujaribu. Kila moja tulipewa kwa siku moja: mimi mchana, mdogo wangu usiku. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imekolea na joto la Mombasa halina msamaha. Zile tatu zilizotushinda sitazitaja majina, kwa kuwa kilichoshindwa ni vichwa vyetu na joto letu, wala si mafundi wake.

Ya kwanza ilikuwa ya ngozi tupu, vikombe vikubwa, laini ajabu. Saa ya kwanza nilihisi kana kwamba nimeegemeza kichwa kwenye mto wa sufi. Kwa starehe ya mwanzo hakuna iliyoifikia. Kisha stima ikapotea, feni ikasimama. Baada ya dakika arubaini hivi jasho lilianza kuchuruzika nyuma ya masikio, nami nikawa natazama saa badala ya kusikiliza. Ngozi haipitishi hewa. Katika chumba chenye kiyoyozi ningaliichagua bila kufikiri. Nyumba zetu za mabati na feni ni habari nyingine.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi, kazi ya mikono, na muziki wake sijapata kuusikia mfano. Upinde wake mpana haukuniumiza utosi, ila baada ya saa moja shingo ilidai haki yake, hasa kila nilipoinamia daftari. Kwa mdogo wangu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hata tulipoupunguza upinde hadi mwisho, vikombe viliteremka vikakaa kwenye mataya. Aliyeitengeneza hakuwa na kichwa kama chake mawazoni.

Ya tatu, ya studio, ilikuwa nyepesi, ya reksini, na ilibana barabara. Kwa kuzuia tuktuk na kelele za mtaa haikuwa na mpinzani. Mdogo wangu aliipenda mno. Lakini mikono ya miwani yangu iligandamizwa kwenye panja, na nusu saa haikwisha kichwa kikaanza kugonga. Isitoshe, nafasi ya ndani ya mto ilikuwa finyu, ncha ya sikio langu ikakunjwa kama karatasi. Bila miwani, ningaliiona bora. Ila bila miwani, kompyuta siioni.

Ya nne ilikuwa ile DT 770 Pro, yenye mito mviringo ya mahameli ya kijivu. Haikuwa na urembo wowote wa kumvutia mtu. Lakini mkono wa miwani ulizama ndani ya mahameli bila kuacha upenyo mkubwa, na sikio zima likaingia bila kugusa kitu. Joto lilikuwepo, ila jasho lilipata pa kwenda. Upande wa mdogo wangu, mto ulilala juu ya misuko yake na mbano ulitosha kuishika isiteleze. Alipomaliza kazi saa nane za usiku alisimama kwenda kunywa maji, na waya ndio uliomvuta kumkumbusha kwamba bado ameivaa.

Hapo nilipata kipimo changu. Hedifoni iliyokukaa ni ile unayoisahau. Si ile inayokufurahisha dakika ya kwanza, maana hiyo ndiyo dakika ya muuzaji. Swali ni la saa ya tatu.

Haina kasoro? La hasha! Mahameli hukusanya vumbi na nywele, na yataka kusafishwa mara kwa mara. Huzuia kelele kidogo kuliko reksini iliyobana. Waya wake haukuundwa wa kuchomoka, kwa hivyo ukikanyagwa ni kazi ya fundi. Na kuna matoleo kadhaa: lile la omu 250 lataka kikuza sauti, simu hailiwezi vizuri. Sisi tulinunua la omu 80 kisiwani, kwa sababu kompyuta yetu huliendesha bila taabu, na pesa zilizobaki tukaweka akiba ya mito mingine. Kila mmoja ana alama yake kwenye upinde, ili asipoteze muda kuurekebisha.

Kabla ya kutoa pesa

Kichwa chako si changu, kwa hivyo usikimbilie kununua tuliyonunua sisi. Hapa chini ni mambo ambayo yangekufaa, uwe na Sh5,000 ama laki tatu.

Nenda dukani ukiwa umevaa kama unavyovaa kazini. Mwenye miwani aende na miwani, mwenye mtandio aende na mtandio wake, na mwenye misuko asisubiri siku aliyofumua. Kwa akina dada wanaojitanda, kitambaa kimoja chepesi cha pamba hakidhuru sana, ila pini na fundo visikae chini ya mto. Vitauinua mto, na baadaye vitakuchoma.

Ukishaivaa, weka wimbo wenye besi, kisha zigandamize vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, jua mto ulikuwa haujaziba. Halafu tafuna, ongea, inama kana kwamba unafunga kamba za viatu. Taya likichezacheza umbo la uso hubadilika, na hedifoni isiyokukaa itajifichua hapo.

Angalia upana na kina cha mto kwa ndani. Sikio lote liingie, lisiguse spika wala kukunjwa. Mto unaogandamiza sikio lenyewe badala ya mfupa unaolizunguka hauvumiliki kwa muda mrefu, hata uwe wa ngozi gani. Muombe muuzaji akuruhusu kukaa nayo nusu saa. Akikataa, tafuta rafiki mwenye nayo uiazime.

Uliza kama mito ya akiba hupatikana. Jasho letu la pwani hukausha reksini ikapasuka na kubanduka kama maganda, na sponji hudidimia miaka inavyopita. Hedifoni isiyobadilishwa mito utaitupa ingali nzima. Ikiwa mpya inakubana kupita kiasi, ivalishe rundo la vitabu lenye upana wa kichwa chako usiku kucha kwa siku kadhaa. Aghalabu hulegea bila kuvunjika.

Zile za kuzima kelele kwa umeme, ambazo wazo lake Amar Bose alilipata ndani ya ndege mwaka 1978, ni msaada mkubwa dhidi ya mngurumo usiobadilika kama wa feni au injini. Hazifui dafu sana mbele ya sauti za watu, na bado mto wake lazima ukukae. Umeme haumsaidii aliyebanwa panja.

Pumzisha masikio dakika kumi kila baada ya saa moja. Na usitembee nazo barabarani. Bodaboda haikupigii honi mara mbili.

La mwisho ni la nyumbani. Hedifoni nzuri ya kufungika humtoa mtu katika nyumba huku mwili wake umekaa pale pale kitini. Mtoto ataita, mgeni atapiga hodi, sufuria itaungua. Mama yetu ameweka sheria nasi tumeiridhia: jiko likiwaka, sikio moja nje. Mwenye watoto wadogo aitie sheria hiyo maanani kabla hajauliza bei.

Wanafunzi mnaojikimu kwa kazi hizi za kusikiliza, msione haya kuomba kuijaribu kabla ya kununua. Viatu hamnunui bila kuvaa, na viatu hamlali navyo mkiandika hadi usiku wa manane. Masikio ni mawili tu, na ndiyo yatakayowasomesha.